Mnyama wa Shangazi

Katika kazi ya visukuku, yaani mifupa ya kale iliyogeuka mawe, kuna mwiko mmoja unaoheshimiwa kuliko hata ule wa kula karibu na mifupa: ukigundua mnyama, hakuna kumpa jina lako. Mpe la mto, la rafiki, la mbwa wako ukipenda, lako hapana. Ndiyo maana Shangazi, aliyewapa majina dinosaria watano, hakuwa na hata mmoja anayeitwa kwa jina lake.

Binti wa kaka yake, aliyerithi kazi yake, meza yake na ubishi wake, alikuwa ameazimia kuimaliza dhuluma hiyo. Juu ya meza, ndani ya bamba la jiwe, alilala dinosaria mdogo mla nyama, saizi ya kuku, mikono yake imezungukwa na alama za manyoya laini. Alifanana na yule aliyetambuliwa na Shangazi zamani, ila huyu miguu ilikuwa mirefu zaidi na pua fupi zaidi. Aina mpya hiyo! Jina lilikuwa tayari, la Shangazi. Baba mtu alishalitangaza kwa ukoo mzima, maana mdomo wake hauna breki.

Kilichobaki ni kukata kipande chembamba cha mfupa wa paja na kukitazama kwa hadubini, kuhakikisha kwamba si mtoto wa aina inayojulikana. Mfupa wa mnyama aliyekomaa huonyesha pete, kama shina la mti. Binti alikuwa akipiga chenga. Leo msumeno mbovu, kesho gundi haijakauka.

Shangazi, mstaafu asiyejua kukaa nyumbani, akavuta kiti. "We mama, unaogopa nini? Kata."

"Nitaharibu mfupa, Shangazi."

"Mwongo mkubwa. Kata!"

Akakata. Akakisugua kipande kwenye kioo mpaka mwanga ukapita, akainamia hadubini. Hakukuwa na pete hata moja. Vijitundu vya mishipa ya damu vilijaa tele, mfupa wa kiumbe aliyekuwa bado anakua. Ile miguu na ile pua vilikuwa vya utotoni tu, wala hapakuwa na aina mpya ya kupewa jina.

Angeweza kunyamaza, lakini alimpenda mno mwanamke huyu hata asiweze kumpa zawadi ya uongo.

"Ni mtoto," alisema. "Mtoto wa yule wako. Nilitaka uwe na jina, Shangazi, ulisikie ukiwa hai."

Shangazi akamsukuma kwa nyonga, akakaa, akatazama. Mabega yakaanza kumtikisika, binti akadhani analia. Kumbe analia na kucheka kwa pamoja.

"Miaka yote nimemjua mkubwa tu. Nikisema watoto wake nao walikuwa na manyoya, wenzangu wananicheka. Kumbe katoto kenyewe kamejaa manyoya mpaka vidoleni!" Akamshika mkono. "Na hilo jina la nini? Wewe unaniita nani?"

"Shangazi."

"Basi nilishapewa jina siku uliyozaliwa. Sasa futa machozi, unaninyeshea kioo."