Ikiiva Tutakwenda

Mzee Pipa alisukuma makaa yote upande mmoja wa jiko, upande wa pili akaweka sufuria ya maji, na kwenye wavu juu ya maji akamlaza bata mzinga mkubwa hadi miguu ikabidi ifungwe waya ndipo mfuniko ukae. Jiko alilichomelea mwenyewe kwa pipa la mafuta lililopasuliwa katikati, na jina likamganda hapo. Akatupia makaa vipande vya mti vilivyolowekwa, akafunika.

"Mzee Pipa, huyo bata mzinga au ndama mwenye mabawa?" fundi viatu aliuliza kutoka ng'ambo ya ukuta.

"Njoo jioni na meno yako, utajua."

Moshi ukaanza kutoka kwenye tundu la mfuniko, kwanza mweupe, halafu wa bluu. Baada ya ule wa bluu akatoka humo mke wake, kama kila mwaka siku familia inapokutana. Alivaa gauni lile la kijani na kandambili, mkoba kwapani. Akavuta kiti cha plastiki, akaketi.

"Shikamoo mama," alisema binti yao, msusi, huku anamenya vitunguu.

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

Kisha mama akashika kifua. "Baba watoto, kifua kinanibana. Nipeleke hospitali."

Mzee Pipa aliutazama mfuniko. Nyama ya moshi haitaki papara. Ukifunua mapema joto lote linakimbia, ukiliacha jiko peke yake moto unazima. Mtaa mzima ulijua hilo.

"Subiri kidogo, mke wangu. Ikiiva tutakwenda."

"Haya," alisema mama.

Ndivyo walivyoambiana mwaka ule wa mwisho mama yuko hai, kwenye kiti hichohicho. Nyama ilipoiva, mwili wa mama ulikuwa umeshapoa.

Ila safari hii msusi alikuwa amejipanga. Teksi ilikuwa getini, injini inanguruma.

"Baba, gari hilo hapo nje. Jiko nitakaa nalo mimi. Wewe sema tu twende."

"Makaa wewe huyajui."

"Nitayajulia leo leo."

"Na wageni je? Tuwape kitu kibichi?"

"Wale mkate! Baba, neno moja tu. Anakusubiri wewe."

Dereva akapiga honi. Mzee Pipa alishika mpini wa mfuniko, akakaa nao hivyo kitambo. Halafu akauachia, akachukua koleo, akaongeza makaa kupitia tundu la chini.

Msusi akanawa mikono, akamshika mama yake, wakaanza kutembea. Mkono ulikuwa wa joto na mzito, bangili zinagongana. Walipofika getini mama akasimama.

"Niache mwanangu. Baba yako kasema kidogo tu."

Akarudi kwenye kiti chake, akapakata mkoba.

Jioni Mzee Pipa akafunua. Ndege alikuwa kahawia mwekundu, ngozi inang'aa, mifupa inajivua nyama yenyewe. Moshi wote ukatoka kwa mpigo, ukapanda, na mama akapanda nao, kandambili zikiwa za mwisho kupotea. Kiti kikabaki na masizi mahali pa mgongo.

"Haya, mke wangu," alisema Mzee Pipa, akijifuta mikono na kutafuta kofia yake. "Imeiva. Twende."

Akaingia kwenye teksi iliyokuwa bado inasubiri getini, akaketi nyuma, akasogea hadi mlangoni ili kuacha nafasi. Dereva akauliza wapi.

"Hospitali. Fanya haraka, mgonjwa hajiwezi."

Teksi ikaondoka. Wageni wakaja, fundi viatu akaja na meno yake, akaapa hajawahi kula nyama laini vile tangu azaliwe.

"Na mwakani tena, eti?" akamuuliza msusi.

Msusi akamkatia kipande kingine cha paja. Kisha akachukua kitambaa, akaenda kukifuta kile kiti.