Posa Iliyopokelewa Makumbusho

Wenzangu wenye mabinti, nawaandikia mapema, kabla hamjapata wageni wa posa.

Nyumba kubwa ya ukoo wa mume wangu, Ambo, ndiyo ile ambamo wapiganaji walikula kiapo cha uhuru. Babu yake aliipa serikali, ikawa makumbusho ya taifa. Sisi tunaishi nyuma yake, vyumba viwili vya bati. Binti yetu Perlita alipata mchumba huko Manila, Arnulfo, ambaye hakuwa amewahi kufika kwetu. Nikajua ndugu zake watakuja, maana kwetu binti huombwa nyumbani kwao, na chakula wanaoposa wanakuja nacho wenyewe. Nikakosa usingizi. Watu wa ghorofa waje wakalie ndoo?

Nikamwendea shemeji Tiburcio, mlinzi wa makumbusho.

"Jumatatu mnafunga," nikamwambia.

"Tunafunga, shemeji. Hata wewe huingii."

"Ni nyumba ya babu yenu."

"Ilikuwa."

Lakini nilimlilia mpaka akatoa ufunguo.

Perlita alinuna. "Mama, tuwapokee kwetu."

"Wakuone ombaomba?"

"Arnulfo anajua mimi ni nani."

"Arnulfo haoi peke yake."

Nikasugua sakafu kwa kumbi la nazi mpaka ikang'aa. Kamba nyekundu na vibao vya maelezo nikavisukuma chini ya kitanda cha marehemu babu. Ambo alinitazama tu, akijikuna shingo.

Jumatatu wageni walipofika, tuliwapitisha mlango wa uani, kibao kikubwa cha serikali wasikione. Walikuja na sufuria za tambi na nguruwe mzima wa kuokwa. Bibi yake Arnulfo, Bibi Consing, aliacha ndara zake chini ya ngazi, akapanda polepole, akaipapasa meza.

"Kumbe tunaoa kwa wakubwa," akasema. "Nami nimevaa gauni la sokoni."

Nikacheka. "Karibu nyumbani kwetu, mama." Neno hilo linanichoma mpaka leo.

Baba yake Arnulfo akaomba, Ambo akajibu huku akitazama sakafu. Tulikuwa tunakaribia kupanga siku ya harusi, Bibi Consing akaniuliza, "Mjukuu wangu huyu mpya, Perlita, alilelewa chumba gani? Nataka nimbariki humo."

Nikanyoosha kidole kwenye mlango wa kulia. Perlita akasimama.

"Bibi, sijawahi kulala humu. Hapa ni makumbusho. Kwetu ni pale nyuma, penye bati. Naomba radhi."

Mama yake Arnulfo akaondoa kiwiko mezani kana kwamba meza imemuunguza. Hakuna aliyenitazama, nami sikujua niweke wapi mikono.

"Basi yote yaliyosemwa hapa hayajasemwa," akasema Bibi Consing. "Binti haombwi kwenye nyumba ya serikali. Arnulfo, beba nguruwe."

Tukavuka ua kwa mstari na sufuria mikononi. Jirani Besing alikuwa ameegemea uzio wake. "Vipi, nguruwe anahama?" akauliza. Arnulfo peke yake ndiye aliyecheka.

Kwetu wengine walikula wamesimama. Bibi Consing alikaa kitandani kwa Perlita, akambariki hapo hapo, kisha baba yake Arnulfo akarudia maneno ya kuomba toka mwanzo. Ambo akakubali, akauliza habari za tarehe.

"Tarehe watapanga wenyewe vijana," akasema Bibi Consing, akinigeukia mimi. "Desturi ni kuwauliza wazazi, najua. Lakini nikikuuliza wewe, mwanangu, nitajuaje kama unalonijibu ni kweli?"

Alisema taratibu, huku akinipakulia tambi. Heri angefoka.

Shemeji Tiburcio alipewa onyo kazini, na hasemi nami. Tarehe ya harusi ya mwanangu wa pekee nimeipata kwa simu, kama mwalikwa yeyote. Nikamlalamikia Perlita kwamba sikushauriwa.

"Mama, mimi sikuwahi kuionea haya nyumba yetu," akasema.

Nikamuuliza nivae gauni la rangi gani.