Umeme wa Nyumba ya Hatibu

Mwezi wa sita mwaka 1952, Hatibu Saleh alikuwa amesimama juu ya meza ya kulia nyumbani kwake Dongobesh, akipigilia waya kwenye boriti. Nyumba ilikuwa ya mawe. Mjerumani mmoja aliijenga kabla ya vita vya kwanza vya dunia, na baridi ya miaka yote hiyo ilikuwa bado imo ukutani. Hatibu alikuwa na duka na malori mawili. La tatu lilikufa mlimani, naye alilifungua dainamo, betri, nyaya na mabomba. Fundi mmoja kutoka Mbulu alipita akamwambia kwamba dainamo haizunguki bila injini. Hatibu alimjibu kwamba hakumwita.

Mabomba alikuwa ameyaunga kwenye pipa la maji jikoni, akayapitisha ukutani mpaka chumbani, ili nyumba ipate joto. Hayakupata moto. Mkewe Shumbana alisimama chini ya meza na boksi la misumari, akampa msumari mrefu badala ya mfupi. Hatibu alishuka, akampiga shavuni kwa koleo.

Globu ya sebuleni ikawaka.

Hatibu aliitazama mpaka ikazima. Akampiga tena, palepale, ikawaka tena. Akakagua maungio ya nyaya, akakaza skrubu moja, akampiga mara nyingine, na safari hii hata globu ya ukumbini iliwaka.

"Imekubali," alisema.

"Basi inatosha," Shumbana alisema, akatema jino kiganjani.

"Ya jikoni bado."

Wiki hiyo Hatibu alijifunza mitambo yake. Kofi liliwasha globu moja kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Ngumi za mbavuni ziliwasha zote, na mwanga wake ulikuwa mweupe, hauchezi. Ili mabomba yapate moto ilibidi atumie mkanda wa feni wa lile lori bovu, tena mgongoni. Alimpiga Shumbana hata siku alizokuwa hana hasira, baada ya sala ya magharibi, kama mtu anayechochea jiko. Kabla ya hapo alikuwa akimpiga akikasirika tu, na majirani walijua, na hawakusema kitu.

Sasa walikuja. Wa kwanza alikuwa Mwantumu, mshonaji wa nyumba ya pili, mwanamke aliyekuwa akisukana nywele na Shumbana kila Ijumaa. Alisimama mlangoni, akaangalia globu, akaangalia uso wa Shumbana uliovimba.

"Pole, dada," alisema. "Na hongera kwa taa. Naweza kuleta cherehani barazani?"

Alileta. Jumbe naye alileta kiti, wazee wakaleta bao, na mtu aliyejua kusoma akaleta gazeti. Waliketi chini ya globu ya barazani wamejifunika mablanketi, mgongo ukutani palipopita bomba. Ilipofifia, jumbe aliita kwa upole, "Bwana Hatibu, inapungua." Ndani ukasikika mkanda, kisha mwanga ukarudi, na watu wakaendelea na mazungumzo yao.

Mwezi wa saba kaka yake Shumbana, Hasani, mwenye duka Katesh, alifika. Shumbana alimfunulia mgongo. Hasani alikuwa amekaa na kiganja chake juu ya bomba.

"Nimeona," alisema. "Nitazungumza naye."

Alizungumza naye. Aliporudi chumbani alimwambia dada yake kwamba Hatibu amekubali kutompiga kichwani.

"Kwangu Katesh hakuna hata koroboi ya maana," Hasani alisema. "Hapa watu wanaandika barua mpaka saa nne. Utawaambia nini ukiondoka?"

"Nitawaambia nimeondoka."

Hasani hakumchukua. Alilala pale, chumba kina joto, akaondoka asubuhi na lori la ngano.

Siku iliyofuata Hatibu alipokwenda msikitini, Shumbana alipanda juu ya meza akakata waya mkuu kwa koleo. Jioni ile Hatibu alimpiga gizani. Alipiga kwa mkono, akapiga kwa mkanda, akapiga kwa mguu wa stuli, na nyumba ikabaki nyeusi na baridi. Shumbana alilala sakafuni huku mfupa mmoja wa kifua ukimchoma kila akivuta pumzi. Barazani watu walikaa katika giza, wakisikiliza. Kisha mmoja mmoja wakachukua viti vyao.

Asubuhi Mwantumu alikuja na utepe mweusi wa kufungia nyaya. Alimshikilia Hatibu meza isitikisike wakati akiunga pale palipokatwa.

"Nina magauni ya harusi mawili," alimwambia Shumbana bila kumtazama. "Jumamosi wanayataka."

Shumbana alikuwa amelala kwenye mkeka. Alimwangalia Mwantumu akimkabidhi Hatibu mkasi, akamwangalia akipangusa vumbi kwenye globu kwa upindo wa kanga yake. Tangu ahamie nyumba ile hakuwa amelia. Siku hiyo alilia.

Jioni, watu wakiwa wamekwisha kukaa barazani, Hatibu aliingia chumbani na mkanda. Shumbana alikuwa nyuma ya mlango na spana kubwa ya magurudumu. Alimpiga nayo kwenye kiwiko, mkono ukavunjika, na globu zote zikawaka kwa pamoja. Alimpiga begani. Alimpiga usoni, jicho likafumba na halikufumbuka tena. Mabomba yakaanza kuunguruma, chokaa ikabanduka ukutani kwa joto.

"Leo imetulia kweli," jumbe alisema nje.

"Hii ndiyo taa," mzee mwingine aliitikia, akavua blanketi.

Hatibu aliita majina yao, mmoja mmoja. Walimsikia. Mwantumu aliinamisha kichwa juu ya gauni na kukanyaga cherehani kwa kasi. Shumbana alipiga mpaka globu ya sebuleni ikapasuka, kisha akaweka spana juu ya kitanda, akachukua shuka lake, akatoka. Alisimama mlangoni, mikono imelowa damu mpaka kwenye viwiko, kivuli chake kikiangukia kitambaa cheupe cha gauni.

"Sogea kidogo, dada," Mwantumu alisema. "Sioni."

Shumbana alisogea. Alishika njia ya Katesh akapita kwa kaka yake bila kubisha hodi, mpaka Nangwa. Huko alipokewa na Benedikta, mjane mwenye ng'ombe wengi aliyehitaji mtu wa kukamua. Benedikta aliona makovu, akamwuliza jina tu. Mwaka uliofuata talaka ya Hatibu ikaletwa.

Kwa Juliana, mke kijana wa jirani yao, Shumbana alipata mtu wa kucheka naye. Juliana alikuja kila asubuhi kuchukua maziwa, akikaa zaidi ya inavyohitajika, akisimulia mambo ya mumewe Marko, jinsi anavyokoroma, jinsi anavyoogopa jogoo.

Kisha Hatibu akafika Nangwa na lori limejaa nyaya. Habari za Dongobesh zilikuwa zimeenea, na watu wenye nyumba za mawe walikuwa wakimwita tangu Tlawi hadi Katesh. Alifanya kazi kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa umepinda. Alimkuta Shumbana kisimani.

"Mkono unauma wakati wa baridi," alisema.

"Na mimi mbavu."

Hatibu aliitikia kwa kichwa kama anayeelewa, akajaza galoni yake, akarudi kwa Marko kupandisha waya.

Shumbana alimfuata Juliana zizini. "Ondoka kabla hajafunga globu," alimwambia. Akamweleza yote, akamwonyesha mgongo.

Juliana alimsikiliza mpaka mwisho. "Pole sana, dada," alisema. "Lakini Marko hajawahi hata kunisukuma. Ni taa tu."

Kwa muda nyumba ya Marko ilikaa giza na watu wakasema Hatibu amewapunja. Kisha jioni moja, Benedikta na Shumbana wakichambua maharage nje, madirisha ya Marko yaliwaka manjano, yakazima, yakawaka tena meupe.

"Wamepata umeme," Benedikta alisema.

"Yule ni Juliana," Shumbana alisema.

Benedikta alifikiri. Kisha akasogeza ungo mahali mwanga ulipofika.

Shumbana aliinuka, akavuka uwanja mbio na kubisha mlango kwa ngumi zote mbili. Ndani kitu kilianguka. Marko alifungua, anahema, shati limelowa jasho. Alimwona mama wa nyumba ya jirani na shuka begani, akapanguza mikono kwenye suruali, akaona haya kidogo kwa kuchelewa kumkaribisha.

"Shikamoo, mama," alisema. "Karibu. Wenzako wamekaa upande ule."

Akaingia ndani na kumletea stuli.