Ukuta wa Makaburini

Kila Mei, watu wa kijiji kimoja cha Tennessee, Marekani, husafisha makaburi ya wazee wao, kisha hula hapo hapo. Ila ukuta wa mawe umeyakata makaburi katikati: huku wamelala waliopigania utumwa ubaki, kule waliowapinga. Vita vile vya wenyewe kwa wenyewe viliwagawa hata kanisani, na mpaka leo kila upande una chama chake cha siasa.

Verlene, mjane wa huku, dada yake Orpha aliolewa kule. Tangu uchaguzi uliopita walikuwa hawasemezani. Mwaka huu Verlene alimwomba Mungu, akabeba sufuria ya kuku, akaupanda ukuta na kuvuka, watu wote wakimtazama.

"Umekuja kutuhubiria, bibi mchungaji?" Orpha alimkebehi.

"Nimekuja kula na dada yangu. Na babu zetu walikosea, Orpha. Kumiliki watu ilikuwa dhambi. Nasema kwa sauti ili na wa kwetu wasikie."

Nyuma ya ukuta mtu aliguna. Verlene hakugeuka.

Orpha alisogea pembeni kwenye blanketi alilokalia, akamwachia nafasi. "Haya, kaa. Lakini kura yangu huipati ng'o!"

"Nani kaiomba? Lete sahani."