Maji ya Ghorofa ya Sita

Jerikani ya nane ya maji ilimlemea Kabagwira, mfagiaji, kwenye ngazi ya ghorofa ya nne. Akaitua, akashika tumbo. Lifti ilikuwapo, nzima kabisa, ila Rugamba, meneja wa jengo, aliizima tangu Jumatatu ili mita ya umeme isome kidogo.

Jengo lenyewe liko mtaa wa Kacyiru, na mlangoni pana kibao cha kutunza mazingira: Jengo la Kijani. Siku ya kukipokea, maji ya mvua yalipanda juu kwa pampu ya jua. Pampu ikafa mwaka uleule, na nani aitengeneze hali kibao kishapatikana? Sasa kanuni zimebadilishwa. Kila baada ya miaka mitano mkaguzi hurudi kuona kama mambo bado yanafanya kazi, ila hutuma barua wiki nzima kabla. Ukaguzi wa kupigiwa hodi. Wiki yatosha wafagiaji kujaza tangi kwa mabega.

"Bosi," Kabagwira alisema Rugamba alipomkuta ameketi, "mimi iko na mimba. Miezi tatu. Mbili zilitoka. Daktari alikataza mizigo."

"Mimba si ugonjwa, mama. Mamangu alilima mpaka siku ya kunizaa." Akatazama saa. "Mkataba wako unaisha Ijumaa, si ndiyo? Mkaguzi iko njiani."

Kabagwira alimchukia, akajichukia na yeye kwa kuinuka. Liwalo na liwe. Akapandisha ya nane, ya tisa, ya kumi.

Saa tano maumivu yakamkata kiuno. Akawahi choo cha ghorofa ya sita, akajifungia. Ilitoka haraka, kimya, kama zile mbili. Alikuwa ameshampa jina, Iteka, wala hakumwambia mtu. Akauma kitenge asisikike, machozi yakimchuruzika mpaka shingoni.

Nje viatu vikasimama. "Na vyoo?" aliuliza mwanamke. Ndiye mkaguzi.

"Maji ya mvua, madamu. Hayajakatika hata siku moja." Rugamba akagonga mlango. "Nani iko ndani? Vuta maji, mgeni asikie."

Kabagwira alitazama chini.

Rugamba akagonga tena, kwa ule upole wa mbele ya wageni. "Vuta, mama."

Mkono ulikataa, kisha ukakubali. Maji yalishuka kwa nguvu, yakachukua kila kitu.

"Safi sana," mkaguzi alisema, akiandika. "Hili linapewa kibao kwa miaka mitano mingine."