Mashuka ya Wodi Zote

Mama Povu alikuwa ameinama juu ya pipa, mikono imezama hadi viwikoni, mwenyekiti wa akina mama wa kanisani alipotokea mlangoni pa chumba cha kufulia. Alisimama mbali kidogo na maji, akaanza na pole, kama walivyoanza wote tangu msiba.

Jina hilo Mama Povu alipewa na wauguzi wa hospitali anakofulia mashuka, likamkaa hata mumewe akawa analitumia akitaka kumchokoza. Siku hizi mume hamchokozi mtu. Binti yao wa pekee alifariki kabla mvua hazijaanza, baada ya kanisa zima kufunga na kuomba, na baada ya Mama Povu mwenyewe kusimama mbele ya watu akasema mtoto atapona. Tangu mazishi mume hajakanyaga kanisani. Alisema yeye na Mungu hawasalimiani.

Mwenyekiti alizungukazunguka kwa maneno, mwisho akalitoa lililomleta. Akina mama walikuwa wamekaa kikao, wakaona kuna kitu kilichozuia maombi yale. Pengine shaka, pengine dhambi iliyofichwa. Jumapili asimame atubu, ndipo aendelee kuongoza maombi ya wagonjwa. Hataki, ampishe mwingine.

Mama Povu alilisokota shuka mpaka likawa kama kamba, maji yakamchuruzikia miguuni.

"Dada, unaliona lundo hili?" alisema. "Ni mashuka ya wodi zote. Aliyelalia hili jana karudi kwake anacheka. Aliyelalia lile kapelekwa mochwari. Nayafua kwa sabuni ileile. Sijakutana na shuka lililoniambia nani aliamini zaidi."

"Usimjaribu Mungu, mama."

"Simjaribu. Nyinyi ndio mnamsemea."

Mwenyekiti aliaga akisema watazidi kumwombea.

Maneno yale yalikuwa yamemwingia, hata hivyo. Jioni alipika chakula kikaungua, akakipakua hivyohivyo. Mume alipojua kilichotokea alisukuma sahani kando. Watu walewale waliokaa hapa wakilia nao, alisema, leo ndio mahakimu. Abaki nyumbani, dunia haitaanguka.

Na ukweli ni kwamba alitamani kubaki. Kwa muda mrefu alikuwa akisali kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Kuna siku alipiga magoti akasema tu, "Nipo," maneno mengine yakagoma.

"Nikikaa nyumbani nitakuwa nimewaachia Mungu wangu," alimjibu mumewe.

"Hata kwa alivyotufanyia?"

"Hata hivyo. Nina ugomvi naye. Sasa nitagombanaje naye nisipokwenda kwake?"

Mume aliivuta sahani yake, akala.

Jumapili, wakati wa shuhuda, mmoja alishukuru kwa kupata kazi, mwingine mgongo wake ulikuwa umepona. Watu wakapiga makofi. Mama Povu aliinuka. Mwenyekiti aliinamisha uso, tayari kupokea toba.

"Niliomba mtoto wangu apone," alisema. "Hakupona. Wanaosema nimeficha dhambi, waje waitaje hapa. Kila siku namuuliza Mungu kwa nini, hajanijibu. Lakini ni Mungu wangu, na hapa ni kwake. Sitoki."

Akaketi. Hakuna aliyepiga makofi. Mchungaji alikohoa, kipaza sauti kikapiga mluzi, na kwaya ikaitwa kuimba wimbo ambao haikuwa imeupanga. Katikati ya ubeti wa kwanza ndipo mzee mmoja wa nyuma akasema amina, kama mtu aliyeshtuka usingizini.

Uongozi wa maombi walimnyang'anya wiki hiyohiyo. Aliendelea kuhudhuria. Alikaa benchi la mwisho, akaomba kwa sauti yake ya kawaida, ambayo haikuwa ndogo.

Siku moja alikuwa akianika nyuma ya wodi ya watoto, mwanamke kijana akamsogelea, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Alimuuliza kama ndiye yule mama aliyesema kanisani kuwa mtoto wake hakupona. Mama Povu aliliachia shuka kwenye kamba. Akaitikia kwa kichwa.

"Wangu amezidiwa," mwanamke alisema. "Wote wananiambia niamini tu. Nakuomba wewe uje umwombee."

Alitaka kukataa. Alikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa na sura ya binti yake.

"Sitakuahidi kitu, mwanangu."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Akamfuata. Ndani ya wodi mtoto alikuwa amelala chali, midomo imekauka, kifua kikipanda na kushuka haraka. Mama Povu aliketi ukingoni mwa kitanda. Viganja vyake vilikuwa baridi kwa maji. Alivisugua, akavipulizia pumzi, akavisugua tena, ili mtoto asishtuke atakapomgusa.