Sikio la Gereji

Katika gereji ya shemeji yangu injini haifunguliwi mpaka mume wangu aisikilize kwanza. Mafundi wengine husogea pembeni, kama ndugu wanaongoja daktari atoke wodini. Yeye hushika bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye injini, mpini akaubana kwenye mfupa wa mbele ya sikio, akafumba macho. Akifumbua, anautaja ugonjwa. Watu wameacha gereji zilizo mlangoni pao wakaja kwetu kwa ajili hiyo, wakampa na jina: Sikio. Shemeji, ambaye ni kaka yake na ndiye aliyemfundisha kushika spana, hupenda kuwatania wateja, "Sikio halipiti kichwa, lakini la huyu limenipita."

Mchana ule nilipopeleka chakula, mwanetu mgongoni, hakuna aliyekuwa anatania. Mama Mkunga alikuwa amerudi. Huyu ni mkunga mstaafu, amezalisha nusu ya mtaa, na gari lake la dizeli lina umri wa kunishinda mimi. Wiki iliyopita lilikuja na sauti ngeni. Mume wangu akalisikiliza, akasema ni gasketi ya eksozi inavujisha. Ikabadilishwa. Sauti ikabaki palepale.

"Mwanangu," Mama Mkunga alimwambia, "kuguruma kumepungua, sikatai. Lakini huo mluzi je? Kila nikikanyaga mafuta, unalia."

"Mluzi?" mume wangu aliuliza.

"Labda linamwita mchumba," alidakia Nyundo, fundi wa bodi, ambaye mdomo wake haujawahi kupoa. Mafundi wakacheka. Shemeji hakucheka. Alimsogelea mdogo wake.

"Bwana mdogo, hapa gari halijawahi kurudi kwa kosa lako. Hili limerudi. Ukilikosa tena leo, kazi ya kusikiliza utaniachia mwenyewe. Jina la gereji hii ni hilo sikio lako."

Injini ikawashwa, Nyundo akakaa kwenye usukani kukanyaga mafuta. Kwanza nilisikia mngurumo wa kawaida wa dizeli, kama kokoto ndani ya debe. Halafu, mwendo wa injini ulipopanda, ukaja: mluzi mwembamba, unaopanda na injini na kushuka nayo, kama king'ora cha ambulensi iliyo mitaa ya mbali. Mwanangu akakunja uso begani kwangu. Paka aliyekuwa amelala juu ya matairi aliinua kichwa, akaona bora aondoke.

Mume wangu alifumba macho na bisibisi yake. Uso ukatulia. Ulitulia kupita kiasi. Kisha akafumbua jicho moja, na hakuitazama injini. Alitutazama sisi. Alikuwa anapita uso mmoja hadi mwingine, kama mwanafunzi anayechungulia daftari la jirani, apate kujua mluzi umeanza saa ngapi.

Yote niliyokuwa nikiyaita uchovu yalinijia kwa pamoja. Simu inaita mezani mbele yake, hana habari. Namuuliza jambo nikiwa jikoni, ananijibu jingine. Mtoto analia, yeye anamalizia chai yake kwa raha zake. Kumbe alikuwa anajua, na alikuwa amejikaza peke yake.

Macho yetu yakakutana. Nyundo alipokanyaga na mluzi ukapanda, niliinua mkono mpaka kifuani, taratibu, kama naweka sawa mbeleko. Ulipokufa, nikaushusha. Akakanyaga tena, nikapandisha tena. Mabega ya mume wangu yakalegea. Alikuwa ameelewa.

"Unapanda na injini," akasema kwa ile sauti yake ya kazi. "Basi ni turbo yenyewe, inayoisukumia injini hewa, au hozi zake. Nipeni maji ya sabuni."

Alipaka maji ya sabuni kila kiungo cha hozi huku Nyundo akikanyaga. Hewa ikivuja, povu huchemka pale pale. Hakuna kiungo kilichotoa povu. Akaagiza injini izimwe, wakaiacha ipoe, naye chakula hakukigusa. Kisha alifungua hozi ya kuingizia hewa, akapitisha vidole mpaka kwenye kifeni cha turbo, akakitikisa huku na huku.

"Njoo ushike, kaka. Shafti inacheza mpaka kifeni kinagusa ukuta. Ncha za mapanga yake zimeshalika, beringi zimekwisha. Na oili hiyo, imeanza kupenya kuingia kwenye injini. Mama, ungeendelea nalo hivi, siku moja injini ingeinywa oili yake yenyewe, ikaenda mbio, uzime swichi na isizimike."

Shemeji aliingiza vidole, akaitikia kwa kichwa, akampiga mdogo wake begani. "Nilikuwa nimeshaanza kuogopa."

"Sikio ni sikio," alisema Nyundo, "hata likijaa nta!"

Wakacheka, nami nikacheka kuliko wote.

Mama Mkunga hakucheka. Alikuwa ananitazama mkono. Mume wangu alipoinama kukusanya spana, amempa mgongo, yule mama alitoa shada la funguo mkobani, akanyata nyuma yake, akazitikisa karibu na sikio la kulia, mahali asipoweza kuziona. Niliijua mbinu ile. Ndivyo alivyompima mwanangu masikio alipokuwa mchanga, na mwanangu akageuza macho.

Mume wangu hakugeuka. Mama Mkunga akahamia sikio la kushoto. Hakugeuka.

"Mama, unamchezea kengele?" Nyundo aliuliza, halafu cheko likamfia mdomoni.

"Tangu lini, binti yangu?" Mama Mkunga aliniuliza kwa upole, lakini gereji nzima ilisikia. Mume wangu ndiye aliyejibu. Alikuwa amegeuka, akaona nyuso zetu, akaona na funguo.

"Ndege waliondoka kwanza," alisema. "Nilidhani wamehama mti. Halafu simu. Sauti nene nazipata. Hizi nyembamba zinakwenda moja moja."

"Ni kelele za injini, mwanangu, miaka yote hiyo. Nenda hospitali wakupime. Sitakudanganya, zilizoliwa na kelele hazirudi. Lakini zilizobaki zinaweza kulindwa."

"Kwa nini hukuniambia?" Shemeji aliuliza.

"Ningekuambia halafu niwe nani, kaka?"

Shemeji alijifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Kaa kwenye matairi, pale getini," alisema mwishowe. "Sikufukuzi, wewe ni damu yangu. Pancha mtu anaiona kwa macho."

"Shem," nikaingilia, "leo ugonjwa ameupata. Vidole vyake havijaziba."

"Umeupata wewe, shemeji, kwa ule mkono wako. Sasa nimeelewa."

"Basi nitakuwa nakuja."

"Na siku mtoto anaumwa? Gari la mtu linaingia, nimwambie mwenyewe asubiri mke wa fundi?" Hakusema kwa ukali.

Tulikwenda getini. Mume wangu aliketi juu ya tairi la lori, nikaketi karibu naye na bakuli la chakula kilichopoa. Nilimwambia Jumatatu twende hospitali, akasema sawa, kama mtu anayekubali kuongezewa chumvi. Mwanetu alikuwa ameshushwa chini, anapiga rimu kwa kijiti na kujichekea mwenyewe.

"Akicheka hivyo," mume wangu aliuliza, "huwa na sauti gani?"

"Nyembamba," nikasema.

Gari likasimama mbele yetu, dizeli nyingine kuukuu, moshi wa bluu nyuma na mluzi unaojulikana. Dereva alikuwa mgeni kwetu. Akateremsha kioo.

"Habari zenu. Nimeelekezwa kwa Sikio. Yupo?"

"Hayupo," alisema mume wangu.

Dereva aligeukia redio yake kuipunguza, akauliza akiwa bado amegeuka, "Atarudi lini?"

Mume wangu akanitazama midomo, akingoja.

"Ingia tu ndani," nilimjibu dereva. "Kaka yake yupo, atakusikiliza."

Akashukuru, akaingiza gari. Mume wangu alikuwa ameshainama, anatafuta jeki.